Asili ya Neno na Maana Yake: Biblia ya Roehl na Suala la Maneno ya Kiarabu

Mwaka 1937 ilitolewa mjini Stuttgart, Ujerumani, Biblia nzima ya Kiswahili iliyotofautiana sana na zile zilizoitangulia. Msomaji aliyekuwa ameizoea Biblia ya Unguja au ya Mombasa, alipoifungua hiyo mpya, hakumkuta kuhani bali alimkuta mtambikaji. Mahali pa madhabahu palikuwa na meza ya kutambikia. Nabii alikuwa amegeuka kuwa mfumbuaji, haki ilikuwa imegeuka kuwa wongofu, na aliyekuwa akitakiwa awe na imani, sasa alitakiwa amtegemee Mungu. Mfasiri wake, Karl Roehl, alikuwa ameyaondoa kwa makusudi maneno yenye asili ya Kiarabu kadiri alivyoweza, na mahali pake akaweka maneno aliyoyaona kuwa ya Kibantu.

Katika vitabu vya historia ya Kiswahili, tafsiri hiyo hutajwa kwa sentensi moja au mbili, kisha ikapitwa kama kioja cha zamani. Yafaa iangaliwe kwa makini zaidi. Kazi ya Roehl ilikuwa jaribio kubwa la kulijibu swali moja ambalo wasomi wa lugha wamelijadili kwa muda mrefu: je, maana ya neno hukaa katika asili yake, au hukaa katika vinywa vya watu walitumiao? Roehl alitegemea jibu la kwanza. Yaliyoipata Biblia yake ni ushahidi wa jibu la pili.

Walimu wa wafasiri wa kwanza

Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, na mwezi Juni mwaka huohuo alianza kuifasiri Mwanzo. Hakuifanya kazi hiyo peke yake. Miongoni mwa waliomsaidia ni Sheikh Ali bin Mohedin, kadhi wa Mombasa. Hivyo basi, tangu siku za mwanzo, Maandiko ya Kikristo yaliingia katika Kiswahili kwa msaada wa mwanachuoni wa Kiislamu. Krapf mwenyewe alikuwa na mashaka juu ya hali hiyo. Katika sarufi yake iliyochapishwa Tübingen mwaka 1850, alieleza sababu za kuziacha herufi za Kiarabu na kuchagua za Kirumi, na mojawapo ilikuwa hofu kwamba hati ya Kiarabu ingeufungulia mlango mafundisho ya Uislamu bara. Herufi zilikuwa zimeandika Kiswahili kwa karne kadhaa. Utendi wa Tambuka, kwa mfano, uliandikwa Pate mwaka 1728 kwa hati hiyo. Krapf aliweza kuibadilisha hati. Msamiati hakuweza kuubadilisha, kwa kuwa msamiati ulikuwa mali ya walimu wake.

Hali ilikuwa hiyohiyo Unguja. Edward Steere alifika huko mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, na mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja. Katika dibaji yake Steere anawashukuru Waswahili waliomfundisha. Mmoja wao, Sheikh Abdul Aziz, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho bora na safi kabisa. Kazi haikwenda upesi, kwa maana sheikh alikuwa na shughuli nyingi, tena Steere aliiona lugha yake kuwa ya kitaalamu mno kwa haja za misheni. Mwingine alikuwa Mohammed bin Ali. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba, kwa wanachuoni hao, Kiswahili kilicho safi hakikuwa Kiswahili kilichotengwa na Kiarabu. Usafi kwao ulikuwa ufasaha: kulitumia kila neno mahali pake, kama wajuao lugha wanavyolitumia.

Tena maneno mengi aliyoyahitaji mfasiri wa Kikristo yalikuwa yamekwisha kuwapo. Taurati, Zaburi na Injili ni majina yanayotajwa na Kurani, na Mwislamu wa pwani aliyajua kabla mmishonari hajashuka chomboni. Vivyo hivyo nabii, malaika, dhambi, imani, sadaka na baraka. Ukristo uliingia katika nyumba iliyokwisha kupangwa vyombo. Mgeni aliweza kuvisogeza vyombo hivyo, bali hakuweza kujifanya kuwa havikuwamo. Biblia nzima ya Kiunguja ilipotoka mwaka 1891, miaka 9 baada ya kifo cha Steere, ilikuwa imejaa maneno hayo.

Mombasa nayo haikukubali kusemewa na Unguja. W. E. Taylor, aliyetoa mkusanyo wake mashuhuri wa methali za Waswahili mwaka 1891, alishikilia kwamba Kimvita ndicho chenye adabu na utajiri wa kishairi. Mwalimu wake mkuu alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, ambaye pasipo juhudi yake sehemu kubwa ya mashairi ya Muyaka ingalipotea. Biblia ya Kimvita ilikamilika mwaka 1914. Kwa hiyo, kabla ya Roehl, mabishano ya wafasiri yalikuwa juu ya lahaja: waandike kama asemavyo Mwunguja au kama asemavyo Mmvita? Juu ya maneno ya Kiarabu, Unguja na Mombasa hazikuwa na ugomvi mkubwa. Pande zote mbili ziliyakuta yakisemwa, zikayachukua.

Hofu na nadharia

Mbegu ya ugomvi mpya ilipandwa Ujerumani. Serikali ya Kijerumani ilikuwa ikikitumia Kiswahili kuitawala koloni yake ya Afrika Mashariki, na misheni nyingi za Kijerumani ziliitazama hali hiyo kwa wasiwasi. Ziliona kwamba palipofika karani na askari wa pwani, Uislamu nao ulifika. Katika mkutano mkuu wa mambo ya makoloni uliofanyika Berlin mwaka 1905, suala hilo lilijadiliwa waziwazi. Carl Meinhof, aliyekuwa bingwa wa isimu ya lugha za Kibantu, alishauri hati ya Kiarabu iachwe na maneno ya Kiarabu yapunguzwe, ili lugha iepushwe na Uislamu. Hofu ya kidini ilipata hivyo mavazi ya kitaalamu. Taaluma iliyokuwa ikikua wakati huo ya kuzilinganisha lugha za Kibantu na kutafuta mizizi yake ya kale ilifanya neno la Kibantu lionekane kuwa ndilo la kweli, na neno lililokopwa lionekane kuwa ni kutu juu ya chuma.

Roehl alilelewa kitaaluma katika mazingira hayo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi ya misheni Usambara na Rwanda, na sarufi yake ya Kisambaa ilichapishwa mwaka 1911. Alikuwa mtu aliyezijua lugha za bara kwa undani, na haifai adhaniwe kuwa hoja yake ilikuwa chuki tupu. Katika makala aliyoitoa mwaka 1930 katika jarida la Africa, alizungumzia hali ya lugha katika Afrika Mashariki na kudai kuwa Kiswahili cha vitabu vya misheni kilikuwa na Kiarabu kingi kupita kiasi. Hoja yake ilikuwa na upande wa manufaa. Msambaa, Mzaramo au Mchaga anayejifunza Kiswahili, alisema, hulifahamu kwa wepesi neno lenye mzizi unaofanana na wa lugha yake. Neno la Kiarabu kwake ni sauti isiyo na jamaa. Kwa hiyo, Kiswahili kikitakiwa kiwe lugha ya bara, na kirudishwe kwenye Ubantu wake.

Wakati wa hoja hiyo si wa kupuuzwa. Mwezi Juni 1928 mkutano wa Mombasa, ambao Meinhof alihudhuria, ulikuwa umeamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Waliokuwa wakiamua neno lipi ni Kiswahili na lipi si Kiswahili walikuwa maofisa wa elimu na wamishonari. Mwafrika hakuketi katika kamati hiyo hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Steere alipotafuta neno miaka 60 kabla, alimwendea sheikh akamwuliza. Sasa neno lilikuwa likitafutwa mezani, na mwenye lugha alikuwa nje ya mlango. Mpango wa Roehl ulizaliwa katika hali hiyo, ambapo ilidhaniwa kuwa lugha yaweza kutengenezwa kwa ajili ya watu bila watu hao kuulizwa.

Maneno yenyewe

Njia bora ya kuupima mpango huo ni kuyaangalia maneno yenyewe, moja baada ya jingine, na kwa haki.

Yapo aliyoyafikiri vizuri. Kumtegemea Mungu ni usemi wenye nguvu. Mtu hutegemea nguzo, fimbo, au ndugu. Humweka yule amtegemeaye chini ya uzito wake wote. Kwa Mlutheri anayefundishwa kwamba mwanadamu haokolewi kwa matendo yake, kitenzi hicho kilikuwa na mafundisho ndani yake. Lakini imani nalo halikuwa neno tupu. Kwa Mswahili wa pwani, mtu mwenye imani si mwenye kusadiki tu, bali pia ni mwenye huruma. Kumwonea mtu imani ni kumhurumia. Maana hii ya pili haikuletwa na meli kutoka Uarabuni. Imekuzwa hapa, katika maisha ya watu. Aliyeling'oa neno imani kwa kuwa asili yake ni ya kigeni aling'oa pia maana iliyokwisha kuota mizizi.

Wongofu vilevile ni neno zuri. Linatokana na ongoa, yaani kumwelekeza aliyepotea njia, na lina picha ya safari na kiongozi. Lakini halibebi yale yanayobebwa na haki. Haki ni stahili: mjane ana haki yake, yatima ana haki yake, na kadhi huketi ili haki ipatikane. Mjane aliyedhulumiwa hadai wongofu. Anadai haki, na anaidai mbele ya mtu mwenye uwezo wa kumnyima. Pale ambapo Maandiko yanawakemea wakubwa wanaowaonea wanyonge, msomaji wa wongofu huweza kusikia wito wa kutubu tu, hali msomaji wa haki husikia pia mashtaka. Hapa kubadilisha neno kulikuwa ni kubadilisha kesi.

Mfumbuaji ni mfano wa namna nyingine. Kufumbua ni kukifungua kilichofumbwa: macho, mkono, au fumbo. Mfumbuaji basi ni mtu wa kutegua yaliyofichika. Nabii hufanya hayo wakati mwingine, lakini kazi yake kuu ni kusema alilotumwa aseme, lipendeze lisipendeze. Tena Mswahili alikwisha kuwajua manabii kwa majina yao. Nabii Musa, Nabii Daudi, Nabii Yunusi: hao wametajwa katika tenzi, katika visa vya watoto na katika mawaidha ya misikitini. Neno nabii lilikuwa na ukoo, na mfumbuaji alikuja akiwa hana jamaa.

Neno lililo zito kuliko yote ni mtambikaji. Roehl alilikataa kuhani, na sababu anazo. Katika Kiarabu, kahin alikuwa mtabiri wa zama za kabla ya Uislamu, na Kurani yenyewe inakanusha kwamba Mtume ni mtu wa aina hiyo. Kwa watu wa pwani, neno hilo hufanana kwa sauti na kitenzi cha kuhani, yaani kwenda kuwapa pole waliofiwa. Basi kuhani si neno lililo wazi kama maji. Lakini tambiko ni neno lililo wazi mno. Katika sehemu nyingi za bara, kutambika ni kuwapa wazee waliokufa pombe, unga au damu ya mnyama, ili wawaangalie walio hai. Misheni zilikuwa zikiwafundisha wanafunzi wao kuachana na matambiko. Mwanafunzi huyo akifungua Kitabu, anamkuta Haruni akifanywa mtambikaji kwa amri ya Mungu, na meza ya kutambikia ikijengwa. Ajibiwe nini akiuliza tofauti iko wapi?

Yafaa isemwe kwamba swali hilo halina jibu rahisi hata leo. Wako wanaoweza kudai kuwa Roehl, bila ya kukusudia, aliipa heshima ibada ya Kiafrika kwa kuiweka ndani ya hekalu la Yerusalemu. Dai hilo lina uzito wake. Hata hivyo linaonyesha jambo lilelile. Roehl aliliepuka neno lililokuwa na harufu ya dini moja, akaangukia neno lililokuwa na harufu ya dini nyingine. Hakulipata neno lisilo na mwenyewe, kwa sababu neno la namna hiyo halipo. Neno ambalo halijawahi kutumiwa na mtu halina maana, na lililotumiwa lina alama za mikono ya walilolitumia.

Dini na asili ya maneno

Msingi wa nadharia nzima ulikuwa huu, kwamba neno la Kiarabu hubeba Uislamu na neno la Kibantu halibebi. Historia ya pwani inaupinga msingi huo kwa ushahidi ulio wazi.

Waislamu wa pwani, walipotaka kumtaja Mola wao katika lugha yao, walilitumia neno Mungu, ambalo asili yake ni ya Kibantu. Walipotaka kumtaja mjumbe wake walisema mtume, kutoka tuma, kitenzi cha Kibantu. Bustani ya Akhera waliiita Pepo, na adhabu yake waliiita moto. Mwezi wa Ramadhani watu hufunga, na kufunga ni Kibantu. Tafsiri kamili ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyotolewa Nairobi mwaka 1969, imejaa maneno hayo, na hakuna Mwislamu aliyeshuku kwamba Mwenyezi Mungu anayetajwa humo ni mwingine. Maneno ya Kibantu yaliubeba Uislamu kwa karne nyingi bila kulalamika.

Upande wa pili, maneno yenye asili ya Kiarabu yameenea katika mambo yasiyohusu dini hata kidogo. Mvuvi huvua samaki, na neno la Kibantu, nswi, limesalia katika lahaja za kaskazini na katika ushairi. Mkulima huhesabu sita, saba, tisa. Damu itokayo katika jeraha la mpagani ni damu. Roehl mwenyewe hakuweza kuyaepuka maneno hayo. Siku ya 7 ya uumbaji ilibidi ibaki ya saba, malaika walibaki kuwa malaika, na kitabu kikabaki kuwa kitabu.

Tena maneno hayo yalikuwa yamekwisha kubadilika tabia. Karibu linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuwa jirani. Mwarabu hamkaribishi mgeni kwa neno hilo, lakini Mswahili humfungulia nalo mlango. Roho ya Kiarabu ni nafsi na pumzi. Roho ya Kiswahili ni hiyo, lakini pia ni koo linaloweza kukabwa, na ni tabia ya mtu: wa roho nzuri au roho mbaya. Vitenzi navyo vimeingizwa kabisa katika mwendo wa Kibantu. Kusamehe kumezaa kusamehewa, kusameheana na msamaha. Kuhubiri kumezaa mhubiri, mahubiri na kuhubiriwa. Ukimletea Mwarabu neno wanasameheana, atatambua herufi tatu au nne, lakini hataelewa lililosemwa. Mgeni aliyeoa, akazaa na kujenga, akazikwa na wajukuu wake hapahapa, haitwi tena mgeni.

Ni kweli kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu. Utafiti wa Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, uliotolewa mwaka 1993, umeiweka wazi nafasi yake katika kundi la Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kingazija. Kabla yao Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala, katika Historia ya Kiswahili ya mwaka 1977, walitetea kwa nguvu uasilia wa lugha hiyo katika ardhi ya Afrika Mashariki. Lakini hoja yao haikuhitaji kuyafukuza maneno ya Kiarabu. Ubantu wa Kiswahili umo katika ngeli zake, viambishi vyake na mnyambuliko wa vitenzi vyake. Lugha yenye mwili wa namna hiyo haihofii chakula cha kigeni. Roehl aliamini kwamba anautetea Ubantu wa Kiswahili, kumbe hakuiamini nguvu ya Ubantu huo.

Hukumu ya wasomaji

Mpango wa Roehl ulipata upinzani mapema. Mwaka 1931, katika jarida lilelile la Africa, G. W. Broomfield wa misheni ya UMCA aliandika makala kuhusu wazo la kukirudisha Kiswahili kwenye Ubantu, akalipinga. Mabishano hayo yalikuwa baina ya wamishonari wenyewe, na yaliandikwa kwa Kiingereza. Hukumu yenyewe, hata hivyo, haikutolewa Ulaya. Ilitolewa na watu waliosoma, wakasikiliza na kuimba.

Biblia ya 1937 ilisomwa katika makanisa ya Kilutheri ya Tanganyika, na yako makanisa yaliyoipenda. Si haki kusema kwamba haikumfikia mtu. Lakini ilipotolewa Biblia ya Muungano mwaka 1952, iliyokusudiwa kuziunganisha tafsiri za Unguja na Mombasa, kuhani alirudi, nabii akarudi, na haki na imani zikarudi pamoja nao. Na Biblia hiyo ndiyo iliyoenea Kenya na Tanzania. Ilipofuata tafsiri ya Habari Njema, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1977, wafasiri wake walikusudia Kiswahili chepesi cha siku zote. Wepesi huo nao haukuwa wa kuondoa Kiarabu. Manabii na dhambi wamo humo, maana hayo ndiyo maneno mepesi kwa watu wanaoyasema. Neno mfumbuaji, lenye mzizi wa Kibantu usio na shaka, lingehitaji kuelezwa. Neno nabii halikuhitaji.

Hapo ndipo hoja ya manufaa ya Roehl ilipoanguka. Alidhani kwamba mtu wa bara hulifahamu neno kwa kuutambua mzizi wake. Lakini watu hawajifunzi lugha kwa kuchimbua mizizi. Hujifunza kwa kusikia neno likitumiwa sokoni, barazani, mahakamani na matangani, mpaka wakajua nani hulisema, lini, na kwa nini. Mkikuyu au Mluo aliyejifunza neno haki katika mahakama ya mkoloni, siku aliponyimwa shamba lake, hakuuliza lilitoka Makka au Kongo. Alijua maana yake kwa kuikosa haki yenyewe.

Jambo lililobaki

Historia hii isingekuwa na haja ya kusimuliwa kwa urefu kama ingekuwa ni habari ya kitabu kimoja. Lakini swali la Roehl limerudi mara kwa mara. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa Tanzania mwaka 1967, na vyuo vikuu vilipoanza kufundisha fasihi na isimu kwa Kiswahili, wabunifu wa istilahi walikabiliwa na chaguo lilelile: mzizi wa Kibantu, Kiarabu au Kiingereza? Fasihi na isimu yenyewe ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Yamekubalika kwa sababu walimu waliyatumia darasani, wanafunzi wakayajibia mitihani, na waandishi wakayabishania. Zimekuwapo istilahi nyingine zilizotungwa kwa mizizi safi ya Kibantu zikabaki katika orodha, na nyingine za mizizi hiyohiyo zikashika. Asili haikuwa sababu ya kufa wala ya kupona.

Kenya ina mfano wake ulio karibu zaidi. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Sura yake ya 4 inahusu haki za raia. Katiba, haki, sheria, mahakama: yote hayo ni maneno ambayo nadharia ya Roehl ingeyatilia shaka. Ndiyo pia maneno ambayo mwananchi asiyejua Kiingereza anayashika mkononi anaposimama mbele ya ofisa. Mfasiri wa sheria akimbadilishia neno moja kati ya hayo kwa ajili ya usafi wa asili, atakuwa amemnyang'anya silaha, hata kama jipya ni zuri zaidi kwa sikio la mtaalamu.

Kwa hiyo kosa la Roehl halikuwa kuyapenda maneno ya Kibantu. Mengi aliyoyachagua ni mazuri, na mfasiri wa leo aweza kujifunza kwake ujasiri wa kulitafuta neno la nyumbani kabla ya kulikopa la jirani. Kosa lake lilikuwa kulipima neno kwa kuuliza lilikotoka, bila ya kuuliza lilipofika. Sheikh Ali bin Mohedin, Sheikh Abdul Aziz, Mohammed bin Ali na Mwalimu Sikujua wangaliweza kumwambia lilipofika, maana wao ndio waliokuwa walimu wa wafasiri wa kwanza. Krapf na Steere, pamoja na hofu zao, waliketi chini wakawasikiliza wenye lugha. Kamati na nadharia zilizofuata ziliketi juu ya viti. Tafsiri iliyodumu ni ile iliyorudi ikaketi chini tena.